Malaika wa Kutumwa

Usiku wa Ijumaa jijini Dar es Salaam, kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Tegeta, maturubai ya mikesha huwashwa taa na spika hugeuziwa barabarani. Mahubiri hutofautiana, lakini ikifika saa saba au saa nane maombi huwa ya aina moja. Malaika wa vita anatumwa kwenye ofisi ya bosi aliyegoma kupandisha mshahara. Malaika wa moto anatumwa Tandika, kwenye fremu ambayo mauzo yake yamedorora. Malaika wa uchumi anaagizwa akafungue milango ya fedha, na mwenzake anaelekezwa Msasani, ubalozini, akalainishe moyo wa afisa wa viza. Wote wanatumwa kwa amri, na umati unaitikia "napokea".

Mtazamo huu umeenea kuliko makanisa yaliyouanzisha. Anao Mlutheri wa Kimara na Mkatoliki wa Chang'ombe, ambao Jumapili asubuhi husali kwa vitabu vya madhehebu yao na usiku hufuata maombezi kwingine. Uko kwenye redio za injili na kwenye salamu za alfajiri za WhatsApp. Kwa kuwa umeenea hivyo, anayeutilia shaka huonekana kapungukiwa imani. Inafaa basi usikilizwe vizuri kabla ya kujibiwa.

Dai lenyewe

Wanaoufundisha hawakukurupuka. Wana aya zao. Waebrania 1:14 inawataja malaika kuwa ni roho za kuhudumu, zilizotumwa kwa faida ya warithi wa wokovu. Zaburi ya 91 inaahidi ulinzi wao njiani. Zaburi ya 103 inawaonyesha wakilitii neno la Mungu, na hapo ndipo hoja inapojengwa: muumini akilitamka neno hilo kwa mdomo wake, malaika wanalisikia na kuondoka kwenda kazini. Petro alitolewa gerezani usiku. Elisha alizungukwa na magari ya moto. Kwa nini mtu wa Chamazi apambane na maisha peke yake wakati jeshi zima limekaa bila maagizo?

Wana pia lawama kwa makanisa ya kimisheni, na ina uzito. Huko malaika amebaki pambo la Krismasi, mtoto wa Kizungu mwenye mabawa kwenye kalenda, asiye na la kusema kuhusu kodi ya chumba wala homa ya mtoto. Aliyekulia katika jamii inayoamini kuwa ulimwengu wa roho upo na unafanya kazi hatulizwi na kalenda. Mikesha, wanasema, imewarudisha malaika kazini.

Swali ni kazi ya nani.

Kwanza: amri imetoka wapi?

Aya ya Waebrania inasema wanatumwa. Haisemi warithi ndio wanaotuma. Daktari wa Muhimbili akipelekwa Mbagala kwa ajili ya wagonjwa, mgonjwa wa Mbagala hageuki kuwa mkurugenzi wa Muhimbili. Sura yote ya kwanza ya waraka huo imeandikwa kuonyesha kwamba malaika wako chini ya Mwana wa Mungu. Anayeisoma na kutoka na cheo chake mwenyewe ameisoma kinyumenyume. Zaburi ya 103 nayo inasema malaika wanaisikiliza sauti ya Mungu, si sauti ya yeyote aliyekariri maneno ya Mungu.

Biblia ina watu wengi waliokutana na malaika. Hajiri alikutana naye jangwani, akaambiwa arudi kwa bibi yake aliyemtesa. Zakaria alikutana naye hekaluni, akauliza swali moja, akatoka bubu. Kornelio, akida wa Kirumi, alitokewa nyumbani kwake akapewa anwani tu: kuna mtu Yafa, kwa Simoni mtengeneza ngozi, karibu na bahari, watume watu wakamwite. Hata mahubiri malaika hakuyahubiri. Danieli alifunga majuma matatu asijue kwamba kuna mapambano yoyote na mkuu wa Uajemi, hadi alipoelezwa baadaye. Katika orodha hii yote hakuna hata mmoja aliyemwita malaika, achilia mbali kumwamuru.

Yesu mwenyewe, usiku wa kukamatwa, alitaja majeshi zaidi ya kumi na mawili ya malaika. Alisema angeweza kumwomba Baba, na Baba angemletea. Kisha hakuomba. Kwa mafundisho ya mikesha, Mwana wa Mungu alikuwa na utaratibu mrefu usio wa lazima: kumbe angewatuma moja kwa moja, kama wanavyotumwa sasa kwenye fremu za Tandika.

Halafu kuna Mikaeli. Yuda, katika waraka wake mfupi, anasema malaika mkuu huyu aliposhindana na Ibilisi juu ya mwili wa Musa hakuthubutu kumtolea hukumu kwa mamlaka yake, bali alimwachia Bwana kazi ya kukemea. Mikaeli hakuthubutu, mwimbaji wa sauti ya pili anathubutu, tena kwa kipaza sauti.

Pili: aya aliyoipenda Shetani

Zaburi ya 91 ndiyo inayobandikwa kwenye vioo vya daladala na kwenye matenki ya bodaboda. Katika Agano Jipya ahadi yake ya malaika inanukuliwa mara chache, na mnukuzi ni mmoja. Ni Ibilisi, juu ya kinara cha hekalu, akimshauri Yesu ajirushe kwa kuwa malaika watamdaka. Mathayo na Luka wote wawili wameandika tukio hilo. Jibu la Yesu lilikuwa kwamba Mungu hajaribiwi. Malaika walikuja kumhudumia baadaye, na bila kuitwa, alipokwisha kukataa kuruka.

Ingetazamiwa kwamba historia hiyo ingewafanya wahubiri waitumie zaburi hiyo kwa uangalifu. Imekuwa kinyume. Kijana wa bodaboda anapita Barabara ya Kilwa bila kofia ngumu, abiria wawili nyuma, karatasi ya zaburi mbele ya tenki. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zina wengi walioendesha hivyo, na haielekei kwamba wote walikuwa wapagani.

Tatu: nguzo moja, mabango mawili

Temeke, kama kwingineko jijini, nguzo za umeme ni mbao za matangazo. Bango la juu ni la mganga: anarudisha mpenzi, anavuta wateja, anamaliza kesi, anapandisha cheo. La chini yake ni la mkesha: ndoa, biashara, kesi, cheo. Tofauti kubwa ni picha. Mmoja amevaa suti.

Pwani hii inajua maana ya kutuma kiumbe kisichoonekana. Jini la kutumwa ni jambo ambalo kila mtu wa Mtoni amelisikia. Mganga huuliza jina la mtu na la mama yake, hutaja masharti, hupokea malipo, humpa kiumbe kazi na anwani. Mkeshani mtu huandika jina kwenye karatasi au huinua picha juu, hupewa masharti ya siku kadhaa za mfungo, hutuma sadaka ya mbegu kwenye lipa namba iliyo ukutani, kisha kiumbe hupewa kazi na anwani. Mhubiri atasema kwamba cha mganga ni pepo na chake ni malaika. Labda. Lakini utaratibu ni ule ule, hata risiti haitolewi kokote kuwili.

Ajabu inazidi ukiwaangalia majirani Waislamu, ambao ndio wengi katika mitaa mingi ya Temeke. Kwao kuamini malaika ni nguzo ya imani. Wanamjua Jibrili, wanajua kwamba kuna waandishi wawili wa matendo. Lakini hakuna sheikh anayemtuma Jibrili akazungumze na mwenye nyumba. Anayetaka kutuma kitu anajua kwamba ameuacha msikiti na kwenda kwa mganga, na huenda kwa kificho. Mkristo wa mkesha anafanya jambo lile lile kwenye spika, huku akilaani uganga kati ya amri moja na nyingine.

Kanisa la kale lililiona jambo hili mapema. Paulo aliwaonya Wakolosai juu ya kuwaabudu malaika. Karne tatu hivi baadaye, Laodikia, mji wa bonde lile lile, mtaguso wa maaskofu ulikataza Wakristo kuliacha Kanisa na kwenda kwenye makusanyiko ya kuwaita malaika. Kumbe mikesha ya aina hii si mipya. Hata marufuku yake ni ya kale.

Mwaka 745 sinodi ya Roma chini ya Papa Zakaria ilimhukumu mhubiri mmoja wa Ulaya aliyeitwa Aldebert. Mashtaka yake yangesomeka vizuri Kinondoni. Alidai ana barua ya Yesu iliyodondoka kutoka mbinguni. Aliwagawia wafuasi kucha na nywele zake. Aliwaambia hawana haja ya kuungama, kwa kuwa dhambi zao anazijua tayari. Na alikuwa na sala ya kuwaita malaika wanane kwa majina. Sinodi ilipitia orodha ikasema anayejulikana ni Mikaeli peke yake. Waliobaki ni mashetani. Wakatoliki bado wanashikilia majina matatu tu, Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, na mwaka 2001 Vatikani ilirudia kwamba malaika wengine wasipewe majina. Katekisimu yao inafundisha kuwa muumini ana malaika wa kumlinda. Haifundishi kuwa amepewa wa kumwamuru.

Hata malaika wenyewe hawakutaka majina yazagae. Katika kitabu cha Waamuzi, Manoa alimwuliza malaika jina lake, akanyimwa. Alitaka kumwandalia mwana-mbuzi, akaambiwa chakula hakitaliwa, na kama ni sadaka basi apewe Bwana. Hakuna jina, hakuna malipo. Leo kuna malaika wa ndoa, wa uchumi, wa viza na wa kurudisha vilivyoibwa, na kila mmoja ana mbegu yake.

Nne: mafundisho ya mitume, kupitia Oklahoma

Waumini huambiwa kwamba kuwatuma malaika ni siri ya kanisa la kwanza iliyofichuliwa upya. Njia yake inafuatilika bila shida, na haipiti Yerusalemu. Kenneth Hagin, mwalimu wa Kimarekani aliyefungua chuo chake cha Rhema huko Oklahoma mwaka 1974, alifundisha kwamba muumini anaweza kuziagiza roho za kuhudumu zikamletee fedha. Charles Capps wa Arkansas alitoa kitabu kizima kuhusu malaika katika miaka ya 1980 kwa mstari huo huo: maneno ya mtu ndiyo yanayowasukuma. Mwaka 1986 ikatoka riwaya ya Frank Peretti, ambamo malaika na mapepo wanapigania mji mdogo wa Marekani kwa mapanga. Ni riwaya. Hata hivyo wengi duniani walijifunza vita vya kiroho kutoka humo kuliko kutoka kwa Danieli, na picha zake zimefika Kawe bila jina la mtunzi.

Afrika Mashariki imewahi kuwa na uamsho wake. Ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka kuingia Uganda, Bukoba na mbali zaidi. Alama yake haikuwa kumtuma mtu wa mbinguni. Watu walisimama wakaungama hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakalipa madeni. Uamsho wa namna hiyo hauna haja ya lipa namba, na labda ndiyo maana haukuchaguliwa.

Mafundisho yale ya Marekani yalifika kileleni Novemba 2020. Paula White, mshauri wa kiroho wa Rais Donald Trump, alipokuwa akiombea ushindi wa uchaguzi kanisani kwake Florida, alitangaza kwamba malaika wanatumwa kutoka Afrika. Video yake ilizunguka dunia. Trump hakushinda mwaka ule. Kwa wakazi wa Dar es Salaam waliowahi kupanga foleni ya viza Msasani, la kustaajabisha zaidi ni kwamba kuna mtu aliyefikiri kwamba kitu chochote kutoka Afrika kinaweza kuingia Marekani kwa haraka hivyo.

Tano: Petro alitoka, Yakobo akauawa

Ushuhuda unaopendwa kuliko wote ni wa Matendo ya Mitume sura ya 12. Petro amefungwa kwa minyororo, vikosi vinne vya askari vinamlinda, malaika anamgusa ubavuni, minyororo inaanguka. Mahubiri huanzia mstari wa tatu. Mstari wa pili unasema Herode alimuua Yakobo, nduguye Yohana, kwa upanga. Mtume huyu naye alikuwa miongoni mwa wale kumi na wawili, na sura haisemi kwamba imani yake ilikuwa ndogo au mbegu yake pungufu. Haielezi chochote. Na kabla sura haijaisha, askari waliomlinda Petro nao wameamriwa kuuawa.

Kanisa lililokuwa likimwombea Petro ndilo linaloibomoa kanuni yote. Alipobisha mlangoni, msichana Roda akawapa habari, wakamwambia ana wazimu. Hawakuamini! Mtu aliyeombewa na wasioamini kwamba atatoka alitoka. Ndipo mafundisho ya "ukiamini bila shaka malaika anaondoka" yanapopoteza mguu wa kusimamia.

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala. Mabomu yaliruka juu ya nyumba za watu, na zaidi ya watu 20 walikufa. Aliyepona ana haki ya kumshukuru Mungu na hata malaika wake. Shida inaanza shukrani hiyo inapogeuzwa kuwa kanuni, kwa sababu kanuni ina pande mbili: kama malaika wa huyu alitumwa kwa maombi mazuri, basi aliyezikwa nyumba ya pili alizembea. Hakuna mhubiri anayelisema hilo kwenye matanga. Analisema Ijumaa inayofuata, kwa njia ya mzunguko.

Kanuni ya namna hiyo haishindwi kamwe. Anayeshindwa ni mtu. Uganda iliuona ukomo wake. Mwaka 1985 Alice Auma wa Acholi alisema ameingiwa na roho aitwaye Lakwena, yaani mjumbe, aliyetumwa na Mungu. Wafuasi wake walipakwa mafuta ya shea wakaahidiwa kwamba risasi haitampata aliye safi. Walitembea wakiimba nyimbo za dini hadi karibu na Jinja, ambako mwishoni mwa 1987 walisambaratishwa na jeshi la serikali. Aliyeanguka alikuwa na maelezo yake tayari: alikuwa amevunja masharti. Alice alikimbilia Kenya akafia kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab mwaka 2007.

Sita: birika na mafuta

Kuna sehemu moja ya Injili ambapo malaika anaonekana kufanya kazi kwa mtindo wa mikesha. Ni birika la Bethzatha, Yohana sura ya 5. Malaika hushuka, maji yanatibuka, wa kwanza kuingia anapona. Sentensi inayomtaja malaika huyo haimo katika nakala za kale zaidi za Injili hiyo, lakini tuseme imo. Matokeo ya utaratibu ule ni yapi? Mtu aliyeugua kwa miaka 38 amelala pale pale, kwa sababu kila maji yanapotibuka wenye miguu wanamtangulia. Neema iliyowekwa mahali pamoja, kwa wa kwanza tu, inawafaa wenye nguvu. Yesu hakumsaidia kufika kwenye maji. Alimponya alipolala, birika likabaki na foleni yake.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa Mtume Boniface Mwamposa, walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hakukuwa na malaika katika mkutano ule, lakini mantiki ni ya birika: nguvu iko pale, muda ni huu, mbio. Kati ya waliokufa walikuwamo watoto.

Saba: adui anakaa chumba gani?

Malaika wa vita anahitaji mtu wa kupigana naye. Hapa ndipo gharama inapowaangukia wasiohudhuria mkesha kabisa. Mahubiri yanasema kuna aliyefunga nyota yako, tena yuko karibu, anakula na wewe. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na choo kimoja, walio karibu ni wachache. Kuna mama mkwe. Kuna bibi wa chumba cha mwisho asiye na mtoto wa kumtetea. Kuna mpangaji mpya ambaye biashara yake ya chipsi imechangamka wiki ile ile ya jirani kufulia. Baada ya mkesha, salamu zinapungua kwenye korido.

Tanzania haina ruhusa ya kulichukulia hili kama mzaha. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo kwa wengi wao yalitokana na moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Mhubiri mwerevu hamtaji mtu; anaeleza nyumba, rangi ya kanga na umri, kisha anamwachia msikilizaji ajaze jina.

Wakati huo huo maadui wenye anwani zinazojulikana hawatumiwi malaika wa aina yoyote. Mkopeshaji wa kausha damu anayechukua kitambulisho na friji hatajwi. Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo hatajwi. Mwajiri wa kiwandani asiyepeleka michango ya NSSF anaombewa moyo wake ulainike, wakati NSSF ina ofisi zenye milango na makaunta.

Magari ya moto yaliyomzunguka Elisha yana mwisho ambao hausomwi mkeshani. Washami waliokuja kumkamata Dothani hawakuchomwa. Walipofushwa macho, wakaongozwa hadi Samaria, mikononi mwa mfalme wa Israeli. Mfalme akauliza kama awapige. Elisha akakataa, akaagiza wapewe chakula na maji. Wakaandaliwa karamu kubwa, wakala, wakanywa, wakarudishwa kwa bwana wao, na kitabu cha pili cha Wafalme kinaongeza kwamba vikosi hivyo havikuvamia tena. Tangazo la mkesha wa kumpikia adui pilau bado halijabandikwa Temeke.